Mbube, Wimoweh na Simba Aliyelala: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu kila mtu anaweza kuimba kipande cha wimbo huu, hata asiyejua jina lake. Wengi wameupata kwenye filamu ya katuni, wengine kwenye santuri za wazee, wengine kwenye kwaya ya shule. Maswali haya yanahusu rekodi zake mbalimbali: ipi ni ipi, zinatofautiana wapi, na ipi inastahili muda wako kwanza. Msimamo wangu nautaja mapema: asiyeisikia rekodi ya mwaka 1939 bado hajausikia wimbo huu.

"Mbube", "Wimoweh" na "The Lion Sleeps Tonight" ni nyimbo tatu au wimbo mmoja?

Ni wimbo mmoja uliobadilishwa mara mbili. "Mbube" ndiyo asili, iliyoimbwa kwa Kizulu na kurekodiwa Johannesburg mwaka 1939. "Wimoweh" ni wimbo huohuo baada ya kufika New York na kupita mikononi mwa waimbaji wa Kimarekani wa mwanzoni mwa miaka ya 1950. "The Lion Sleeps Tonight" ni toleo la mwaka 1961, lililoongezewa maneno ya Kiingereza. Ukiona jina "Wimoweh" kwenye lebo, tegemea wimbo usio na beti za Kiingereza. Ukiona simba aliyelala, tegemea beti.

Aliyeutunga ni nani hasa?

Solomon Linda. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Pomeroy, eneo la Msinga huko Natal, akaenda Johannesburg mwaka 1931 kutafuta kazi kama vijana wengi wa wakati wake. Aliimba katika kundi lililoitwa Evening Birds, na lilipovunjika akaunda kundi jipya kwa jina lilelile pamoja na rafiki zake wa nyumbani. Walikuwa sita: Linda mwenyewe kwenye sauti ya juu kabisa, Gilbert Madondo sauti ya pili, Boy Sibiya sauti ya tatu, na watu watatu kwenye besi, yaani Gideon Mkhize, Samuel Mlangeni na Owen Sikhakhane.

Hao watatu wa besi muwaweke akilini. Kabla ya hapo vikundi vya namna hii vilizoea kumwachia mtu mmoja sauti ya chini. Linda aliijaza besi, na hapo ndipo wimbo ulipopata kifua.

Rekodi ya 1939 ina nini ambacho nyingine hazina?

Ina mengi, na hapa sitafanya haraka.

Kwanza, ilitengenezwa moja kwa moja. Studio ilikuwa ya Eric Gallo mjini Johannesburg, na msimamizi wa kurekodi alikuwa Griffith Motsieloa. Hapakuwa na kukatakata wala kuunganisha: watu wanasimama mbele ya kipaza sauti, wanaimba, na kilichoingia ndicho kilichoingia. Wakaimba mara ya kwanza, haikukaa vizuri. Mara ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu nayo ilianza kwa kusuasua, wapiga vyombo wakitafuta ufunguo, halafu ghafla wote wakakutana njiani. Tunachosikiliza leo ni hiyo ya tatu.

Pili, sikiliza jinsi sauti zilivyogawanyika. Chini, besi na wenzao wanazunguka na neno moja, "uyimbube", mzunguko baada ya mzunguko, bila haraka na bila kuchoka. Gitaa, banjo na piano vipo lakini vimekaa nyuma sana. Ukisikiliza kwa simu huenda usivisikie kabisa. Juu ya msingi huo Linda yuko huru. Anapanda kwa sauti nyembamba ya kichwani, analia, anashuka, anapotea, anarudi. Hafuati beti. Anamwita mnyama, au anamfukuza. Katika utoto wao kina Linda walichunga ng'ombe katika nchi ambayo simba hawakuwa hadithi tu, na hiyo ndiyo kumbukumbu iliyoko ndani ya wimbo.

Tatu, karibu na mwisho, Linda anatoa kitu kipya. Ni noti 15 tu. Anaziimba bila kujiandaa, na hazikuwa zimesikika popote katika dakika zilizotangulia. Noti hizo ndizo dunia nzima inazijua leo kama sauti ya wimbo huu, zile zinazobeba maneno ya Kiingereza kuhusu simba aliyelala porini. Wimbo wote uliovuma baadaye umejengwa juu ya sekunde chache ambazo mtu mmoja alizibuni papo hapo mwishoni mwa jaribio la tatu. Ukiusikiliza ukijua hilo, unajikuta unazingoja, na zinapofika mwili unasisimka.

Ulipendwa wakati ule, au sifa zimekuja baadaye?

Ulipendwa sana. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 santuri hiyo ilikuwa imeuzwa nakala kama 100,000 Afrika Kusini. Mtindo wote wa kuimba namna ile, kwaya ya wanaume bila vyombo vingi na mwimbaji mmoja akiruka juu, ukaitwa mbube. Kutoka humo kukaja isicathamiya, mtindo wa kuimba kwa upole huku miguu ikikanyaga kwa kunyata, ambao Ladysmith Black Mambazo waliufikisha duniani. Evening Birds walipanda jukwaani na suti za mistari na kofia za kizungu, na vijana wakawaiga mavazi pamoja na sauti.

Neno "wimoweh" lina maana gani?

Halina. Ni "uyimbube" lililosikika vibaya. Kwa Kizulu maana yake ni "wewe ni simba", na Mswahili hashangai kuliona "u" la mwanzo. Pete Seeger, mwimbaji wa Kimarekani wa kundi la The Weavers, aliandika kile alichodhani anakisikia kutoka kwenye santuri iliyokwishachakaa, na herufi alizoziandika zikabaki.

Wimbo ulifikaje Marekani?

Gallo alipeleka santuri zake kwa kampuni ya Decca akitumaini zitauzwa huko. Hazikumvutia mtu, zikawa zinangoja kutupwa. Alan Lomax, aliyetumia maisha yake kukusanya nyimbo za watu, akaziokoa na kumpa rafiki yake Seeger. Seeger alikuwa mgonjwa kitandani akazisikiliza zote, na "Mbube" ikamshika.

The Weavers wana rekodi zaidi ya moja. Nichukue ipi?

Ya Carnegie Hall.

Rekodi yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1952, iliwekwa chini ya okestra ya Gordon Jenkins. Tarumbeta zinaingia kwa kishindo, kila kitu ni kikubwa na kinang'aa kama ukumbi wa dansi wa matajiri. Sauti ya Seeger ipo, inapanda kwa bidii, lakini lazima ipambane na tarumbeta. Watu wa wakati huo waliipenda, ikapanda kwenye chati, kisha The Weavers wakashutumiwa kuwa wakomunisti, kazi zao zikafungiwa redioni na kumbini, na wimbo ukakatizwa njiani.

Rekodi ya Carnegie Hall ni ya usiku wa tarehe 24 Desemba 1955, walipokuwa wanarudi jukwaani baada ya miaka ya kunyimwa nafasi. Albamu yenyewe ilitoka 1957. Humo kuna sauti nne, banjo na gitaa tu. Mzunguko wa chini unasikika wazi, Seeger anapiga kelele zake za juu akiwa na nafasi ya kutosha, na ukumbi unapumua pamoja nao. Kwa upangaji wa sauti iko karibu na Linda kuliko rekodi nyingi za Kimarekani zilizofuata. Seeger alipenda kueleza kwamba simba wa wimbo ni Shaka, mfalme aliyelala na ambaye siku moja ataamka. Ni fasiri yake, na nadhani ndiyo iliyompeleka simba usingizini. Katika rekodi ya Linda mnyama yuko macho kabisa.

The Weavers waliwafungulia njia na wengine. Yma Sumac wa Peru aliurekodi mwaka 1952 kwa sauti yake ya ajabu inayopanda na kushuka ngazi nyingi, na Kingston Trio wakauweka kwenye albamu yao ya jukwaani ya mwaka 1959. Ya Kingston Trio ni safi na ina furaha, lakini ni nakala ya The Weavers. Mtu anayetafuta kitu kipya hatakipata hapo.

Kwa nini toleo la Miriam Makeba halitajwi sana?

Kwa sababu halikuwa kibao cha redioni, nami naona hilo ni hasara. Liko kwenye albamu yake ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1960, na wanaomwitikia ni Chad Mitchell Trio. Lebo inasema "Mbube". Jina la Kizulu likarudi mahali pake, na maneno nayo yakatamkwa na mtu anayeyajua. Makeba alianza kazi ya uimbaji katika Johannesburg ileile ambamo santuri ya Linda ilikuwa inachezwa, kwa hiyo hakulazimika kuuokota wimbo kwa masikio ya mgeni.

Sikiliza jinsi anavyoingia. Hapandi mara moja kwenye kile kilio cha juu. Anakaa katikati, anautembeza wimbo, kisha anaruka. Waitikiaji wake ni Wamarekani na matamshi yao yanawaumbua kidogo, lakini hilo linakufundisha kitu: weka sikio kwa Makeba, kisha kwa wao, kisha kwa Makeba tena. Ukitaka rekodi ya pili baada ya ya 1939, chukua hii, kabla ya The Tokens na kabla ya The Weavers.

The Tokens waliufanya nini wimbo hadi ukawa namba moja?

The Tokens walikuwa vijana wa Brooklyn, waimbaji wa doo-wop, mtindo wa sauti kadhaa kuitikiana kwa silabi zisizo na maana. Walikwenda kampuni ya santuri ya RCA kufanyiwa majaribio na watayarishaji Hugo Peretti na Luigi Creatore, wakaimba "Wimoweh" waliyoijua kutoka kwa The Weavers. Wazee hao wakaupenda, lakini wakaona unahitaji maneno. Akaitwa mtunzi George David Weiss.

Weiss alifanya kazi ya kifundi kweli. Alizichukua zile noti 15 za Linda zilizokuwa zinapita mara moja mwishoni, akazileta mbele, akazipa maneno, akazifanya beti. Kilio cha Linda kikawa pambo la mwanzoni, kile unachokisikia kwa sauti ya juu ya Jay Siegel. Mzunguko wa "uyimbube" ukabaki chini kama kiitikio. Kisha akaletwa mwimbaji wa opera, Anita Darian, ambaye sauti yake ya soprano inaelea juu ya wenzake wote. Watu wengi wameisikia maisha yao yote wakidhani ni chombo.

Ulitolewa mwaka 1961 upande wa pili wa santuri, upande wa kwanza ukiwa na "Tina". Watangazaji wakaigeuza. Mwezi Desemba ukafika namba moja kwenye chati ya Billboard, ukakaa huko wiki tatu.

Je, ni rekodi nzuri? Ni nzuri mno. Kila sekunde ina kitu cha kukushika, na Siegel ana sauti ambayo haikatiki hata inapokuwa juu kiasi hicho. Kilichopotea ni hatari. Linda na wenzake wanaimba kama watu wanaomwona mnyama. The Tokens wanaimba bembelezo. Tena wamemweka simba ndani ya msitu mnene, ilhali kila mtoto aliyekulia karibu na mbuga anajua simba ni mnyama wa nyika na majani.

Na matoleo mengine?

Karl Denver, Mskochi, alifika namba 4 Uingereza mwaka 1962 kwa "Wimoweh" isiyo na beti za Weiss. Ni rekodi ya pekee: anapanda na kushuka kwa sauti inayokatika koo kama waimbaji wa milimani Uswisi, na inakaribia kuwa ya kichaa. Naipenda kuliko zote za Uingereza.

Mwaka huohuo wa 1962 Henri Salvador aliuimba kwa Kifaransa. Kwa Wafaransa simba hakulala, amekufa. Kundi la Pow Wow likalirudisha toleo hilo mwaka 1992, likavuma upya.

Robert John alifika namba 3 Marekani mwaka 1972. Hank Medress, aliyekuwa mmoja wa The Tokens, ndiye aliyeisimamia rekodi hiyo, na inasikika. Brian Eno aliutoa kama santuri ndogo mwaka 1975. Tight Fit waliufikisha namba moja Uingereza mwaka 1982, kwa vinanda vya umeme na ngoma za mashine. Unachezeka, lakini hauna la kuongeza.

Toleo la filamu ya The Lion King ni lipi?

Katika filamu ya mwaka 1994 ni kipande kifupi tu: Timon na Pumbaa wanatembea wakiimba, Pumbaa akiwa besi. Ni toleo la Weiss. Inashangaza kidogo: filamu iliyompa mhusika mkuu jina la Kiswahili, Simba, na rafiki zake Rafiki na Pumbaa, imebeba pia wimbo ambao jina lake la asili ni simba kwa Kizulu, lakini katika filamu jina hilo halisikiki. Wenye hamu ya kulisikia toleo lenye uzito zaidi watafute albamu ya mwaka 1995 iitwayo *Rhythm of the Pride Lands*, ambamo mkono wa mwanamuziki Lebo M wa Afrika Kusini unaonekana wazi. Filamu ya 2019 ina toleo refu zaidi la Timon na Pumbaa.

Kwa nini kila santuri ina majina tofauti ya watunzi?

Hapa ndipo wimbo unapouma.

Linda alirekodi, na inasemekana alilipwa shilingi 10 za wakati ule na haki zikawa za Gallo. Akapewa kazi ya kufungasha katika kiwanda cha santuri cha kampuni hiyohiyo. Kwenye rekodi ya The Weavers ya 1952 mtunzi ni "Paul Campbell", mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Lilikuwa jina la bandia la kundi na wachapishaji wao, la kuandikisha nyimbo walizodhani ni za jadi. Seeger alipojua kuna mtunzi aliye hai aliagiza apelekewe dola 1,000, na aliamini kwamba mirabaha iliendelea kumfikia. Kwenye lebo ya Kingston Trio Linda yumo, lakini nyuma ya Campbell na chini ya neno "jadi". Kwenye lebo ya The Tokens hayumo kabisa: ni Weiss, Peretti na Creatore.

Linda alianguka jukwaani mwaka 1959, akakutwa na ugonjwa wa figo, akafariki mwaka 1962. Wimbo wake ulikuwa umetoka tu kuwa namba moja Marekani. Familia haikuwa na fedha za kuweka jiwe kaburini. Lilichukua miaka 18 kupatikana.

Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini Rian Malan alichapisha makala ndefu kwenye jarida la Rolling Stone, akafuatilia fedha zote hizo zilikokwenda. Alikadiria kwamba matumizi ya wimbo katika The Lion King peke yake yalikuwa yameingiza dola milioni 15. Mwaka 2004 warithi walifungua kesi dhidi ya Disney nchini Afrika Kusini. Wakili Owen Dean alitumia sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika makoloni yake, ambayo ilirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Kwa Linda hiyo ni 1987. Kesi iliisha kwa makubaliano mwezi Februari 2006 na Abilene Music, kampuni iliyokuwa imeipa Disney ruhusa: warithi walipwe ya nyuma kuanzia 1987, na Linda atambuliwe kama mtunzi mwenza.

Kwa hiyo lebo ni njia nzuri ya kukadiria umri wa chapa uliyonayo. Ukiona jina la Linda limesimama pamoja na Weiss, Peretti na Creatore, kuna uwezekano mkubwa imechapwa baada ya 2006.

Nifanyeje nisidanganywe na tarehe ninapotafuta mtandaoni?

Tazama mwaka wa kurekodiwa, siyo mwaka wa albamu. Vikundi vingi vya miaka ya 1960 vilirudia vibao vyao uzeeni kwa kampuni nyingine, na mikusanyiko ya bei nafuu hujazwa rekodi hizo. Kwa The Tokens, hakikisha imeandikwa RCA na 1961. Kwa Linda, jina la kundi liwe Solomon Linda na Evening Birds wake, na lebo ya awali ni Singer ya Gallo. Usishangae nakala mbili za rekodi hiyo moja zikipishana ufunguo: santuri za mizunguko 78 kwa dakika hutegemea kasi ya mashine iliyozinakili. Mikwaruzo isikukimbize. Nakala zilizosafishwa kupita kiasi huondoa mikwaruzo pamoja na pumzi za waimbaji.

Kwaya yetu inataka kuuimba. Tuanzie rekodi ipi?

Ya 1939, na muanze na besi. Chukueni wanaume wote wa sauti ya chini, wengi iwezekanavyo, waimbe mzunguko wa "uyimbube" hadi uwe hauhitaji kufikiriwa. Sauti za kati ziingie juu yake, bado bila vyombo. Mwimbaji wa juu asipewe noti za kukariri. Apewe rekodi ya Linda aisikilize mara nyingi, kisha aachwe atafute njia yake, kwa maana Linda mwenyewe hakuwa na karatasi. Matamshi yawe "uyimbube", siyo "wimoweh", kwa sababu midomo yetu inaliweza neno hilo bila shida yoyote.

Kuhusu ruhusa: Afrika Kusini hakimiliki ya "Mbube" yenyewe iliisha mwaka 2012, miaka 50 baada ya kifo cha Linda. Maneno ya Kiingereza ni jambo jingine, kwa sababu Weiss alifariki mwaka 2010. Mkipanga kurekodi na kuuza toleo lenye beti zake, ulizieni kwanza kwenye ofisi ya hakimiliki ya nchi yenu. Na kwenye kijitabu cha tamasha andikeni: mtunzi, Solomon Linda.